Mama Apollinarie Anatoka Kwenye Beni la Ndimu

Ijumaa hii, tarehe 28 mwezi wa nane, Mama Apollinarie Nabintu anavua aproni yake ya mpira hapa Ateliye Mng'aro, karakana yetu ya Nyamianda, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Muda wote huo amefanya kazi ambayo mji mzima unaiona na hakuna anayejua jina lake: kuvisha chuma nguo. Kufuli, taa za pikipiki, misalaba ya maandamano, tarumbeta za fanfare, vitasa vya milango ya watu wakubwa. Ukiona kitu kinang'ara Uvira na hakikutoka Dubai, kimepita mikononi mwake. Kama kimetoka Dubai na bado kinang'ara baada ya mwaka, nacho kimepita mikononi mwake, maana kilikuja kwetu kutibiwa.

Wasifu huu nimepewa mimi kuuandika kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye ninayesugua vyuma kabla havijaingia kwenye beni, lile pipa la maji ya dawa, kwa hiyo nimeketi mita chache kutoka kwa Mama huyu kwa miaka mingi na masikio yangu yako wazi. Pili, nimetembea. Nimefika Bujumbura, Kigoma, Kalemie, na Lubumbashi mara mbili. Shule niliiacha katikati, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Basi nawaambia kama mtu aliyeona dunia: fundi kama huyu sikumkuta mahali pengine, na nilitafuta.

Alishuka kutoka Rurambo, kule mlimani, akiwa msichana, amebeba birika la mama yake lililoota kutu tumboni. Alisikia kwamba huku chini kando ya ziwa kuna mzee anayefanya chuma kiwe kama dhahabu. Mzee huyo alikuwa Jean-Berchmans, mwanzilishi wa ateliye hii, aliyejifunza kazi Bujumbura na kurudi nayo kichwani pamoja na kofia moja ambayo hakuivua tena ila mara moja. Mzee alilitazama birika akalirudisha. Beni lake la siku zile lilikuwa la sumu, ile sianidi, iliyokuwa inakaa nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli. "Binti yangu," akamwambia, "kitu ambacho watu watanywea chai, mimi sikiingizi humu. Utamwua mama yako kwa uzuri."

Mwingine angepanda mlima akinung'unika. Apollinarie alikaa kwenye benchi la wateja akasema atangoja.

"Utangoja nini?"

"Beni lingine."

Mzee alicheka. Kesho yake msichana bado yuko kwenye benchi. Siku iliyofuata Mzee akampa fagio, maana aliona afadhali mtu anayengoja angoje akifagia. Birika lilirudishwa Rurambo na mtu wa njia. Apollinarie hakurudi nalo.

Hapa lazima nieleze kazi kidogo, kwa ajili ya wageni wa sherehe watakaosoma karatasi hii wakingoja nyama iive. Unaning'iniza kitu chako ndani ya maji yaliyoyeyushiwa metali, unakiunganisha na umeme, na metali inatoka majini na kukishika. Hiyo ya metali moja, hata mimi naweza. Utamu ni pale unapotaka metali mbili zije pamoja, shaba na zinki, ili zitoe ile rangi ya dhahabu. Shaba ni kama abiria wa Lubumbashi, anataka kupanda kwanza na kukaa mbele. Zinki ana haya, anangoja wengine wapande. Ukiwaacha hivyo, shaba inafika peke yake na kazi inatoka nyekundu kama mawese. Lazima kuwe na mtu wa kuishika shaba kwenye kola ya shati mpaka mwenzake afike. Sumu ya Mzee ilikuwa inaishika kola vizuri sana. Shida ni kwamba ilikuwa tayari kutushika na sisi.

Apollinarie alikuwa ameshapanda cheo kutoka fagio hadi ndoo, na kutoka ndoo hadi beni, aliposikia kwa fundi mmoja wa ng'ambo ya mpaka kwamba ndimu nayo inajua kushika kola. Hakuuliza zaidi. Hilo ndilo kosa kubwa la maisha yake ya kazi, na nalitaja hapa kwa upendo. Alituma ndimu zinunuliwe. Si ndimu za mfuko mmoja. Ateliye nzima tulikaa chini tukakamua ndimu siku nzima, wanaume wazima, mikono ikituchoma kila mahali ilipokuwa na mkwaruzo, Mzee Jean-Berchmans akiwa katikati yetu na kofia yake, anakamua na kutukana polepole kwa Kifuliiru. Beni lilijaa. Kitasa cha kwanza kilitoka cheusi kama sufuria ya bugali. Nzi wa Nyamianda walituma habari kwa nzi wa mitaa mingine. Na baada ya siku chache beni likaota ndevu nyeupe juu, ndevu za kweli, ungeweza kuzichana.

"Mama," nikamwambia, "huyu ameshakuwa mzee, tumwite kwenye kikao."

Hakucheka. Alikaa anazitazama zile ndevu kama mtu anayetazama mgonjwa. Kisha akasema, "Si ndimu iliyo mbaya. Ni tunda. Natafuta ile uchachu peke yake, bila tunda."

Na uchachu bila tunda upo, unauzwa sokoni, ni ule unga mweupe ambao watengeneza juisi wanautia kwenye ndoo zao. Ndiyo beni la ndimu tulilo nalo mpaka leo, la buluu kama nguo ya Bikira. Alikuwa ananunua unga ule kwa wingi kiasi kwamba akina mama wa soko waliamini ana kiwanda cha juisi mahali fulani amekificha. Walikuja kundi zima ateliyeni kuomba awauzie kwa jumla. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akawaonyesha beni. "Wateja wa juisi yangu ni makufuli na mabomba," akawaambia. "Hao hawarudishi chupa."

Lile la sumu liliondolewa kwa utaratibu wake, na mlango wa chuma ukawa mlango wa choo. Ndiyo maana mpaka leo tuna choo chenye kufuli kubwa kuliko duka lolote la mtaa huu. Na mwaka ziwa lilipopanda, likapita barabara na kuingia mpaka chini ya meza yangu, tulijua tumepona kwa jinsi gani. Tulibeba beni lote kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, mpaka kwa jirani wa juu, Mama mbele, sisi nyuma tukiwa na bidoni za maji ya buluu vichwani. Watu wakauliza ni nini. Akajibu, "Ni kazi." Kama lingekuwa lile beni la zamani, mimi leo nisingekuwa naandika kwa kucheka.

Sasa nije kwenye vidole.

Kitu kabla hakijaingia kwenye beni kinaogeshwa kwa soda mpaka mafuta yote yatoke. Kisha unakimwagia maji safi. Maji yakilala juu yake kama shuka, kitu kimeoga. Yakijikunja matone matone, bado. Na kikishaoga, hakuna mtu kukigusa kwa mkono mtupu, hata Askofu. Ukikigusa, mafuta ya ngozi yako yanabaki, metali inakataa kushika pale, na kazi inatoka na alama ya kidole chako mpaka siku ya mwisho ya dunia. Mama Apollinarie ana jicho la hiyo alama kuliko jicho la kitu chochote. Atashika kitu nje kwenye jua, akigeuze, kisha utasikia: "Hii kidole iko ya nani? Ijitambulishe." Asipojitambulisha mtu, tunapanga foleni wote na dole gumba mbele kama siku ya kupiga kura, na yeye anapita na miwani yake akilinganisha. Hakuwahi kukosea. Na sheria ni moja, aliiweka mwenyewe: mwenye kidole anafuta kazi yote na kuirudia tangu mwanzo, hata kama ni saa ya chakula.

Kidole chake mwenyewe hatukuwahi kukikuta kwenye kazi. Tungekijua mara moja. Dole gumba lake la kulia lina kovu lililolikata katikati, limepinda kama mto Ruzizi kwenye ramani. Ukimwuliza kovu hilo alilipata wapi, atakwambia alikatwa na muwa, na mwingine atamwambia ni jino la mbwa. Mimi aliniambia ni mume wa kwanza, na mume wa kwanza hakuwahi kuwepo.

Wageni wetu wanapaswa pia kujua desturi ya nyumba hii, kwa sababu juma hili imetutoa jasho. Mtu wa beni akistaafu hapewi saa wala redio. Wanaobaki wanamvishia kitu kimoja kwa mikono yao, na yeye anakikagua kama alivyokagua kazi zote. Kikipita, anakwenda kwake. Kisipopita, anarudi kazini mpaka wanaobaki wajue kazi. Mzee Jean-Berchmans ndiye aliyeianzisha, na ndiye wa kwanza aliyeumia nayo. Apollinarie alimvishia kishikio cha fimbo, Mzee akakikataa. Akamvishia tena, akakataa tena, eti kina rangi ya bugali ya mihogo. Mke wake akaja mwenyewe ateliyeni, mikono kiunoni: "Nyinyi muna shida gani? Mutu amezeeka, mumurudishe!" Mara ya tatu kilitoka na rangi ya ndizi iliyoiva, na Mzee akavua kofia. Wengi wetu ndiyo siku tuliyogundua kwamba hana nywele.

Basi zamu imefika kwake. Na safari hii haikuwa mchezo. Kule Rurambo dada yake mkubwa, Mama Domitille, amebaki peke yake na ng'ombe na magoti yasiyopanda tena. Anapiga simu kila Jumapili baada ya misa: mvua zinakuja, barabara itakatika, unakuja lini? Apollinarie alimwahidi kupanda kabla ya mvua. Kama kazi yetu ingekataliwa, zinki iliyobaki isingetosha kuirudia, beni jipya lingengoja zinki kutoka ng'ambo, na mvua haingojei zinki. Atapanda juma hili, au atabaki huku mpaka njia ikauke. Tulimjua vizuri vya kutosha kujua kwamba hatapitisha kitu kibaya ili apate kwenda nyumbani. "Minye siwezi kusema rangi ni nzuri kama haiko nzuri," alituambia. "Hata kama Domitille ananililia kwa simu."

Aliyekabidhiwa kumvishia ni Noella, binti wa kutoka Bijombo, mwenye mkono wa taratibu na mdomo wa haraka, ambaye amekuwa upande wake wa kushoto kwenye beni kwa miaka. Akifaulu, anakuwa shefu, mkuu wa beni. Noella hakutuambia atavisha nini. Alikuwa amepanga siri na Mama Domitille kwa simu, na kitu kilishuka na pikipiki kutoka mlimani ndani ya mfuko wa unga. Alipokifungua sote tuliacha kazi tukasogea, hata mimi. Lilikuwa birika. Lile lile, na kutu yake tumboni.

Jumanne lilisuguliwa (kazi yangu hiyo, na nilisugua kama naliandalia harusi), likazibwa mdomo ili beni lisiingie ndani, likavishwa nikeli kama fulana ya ndani. Mama alifukuzwa ateliyeni asubuhi, kama desturi inavyotaka: mkaguzi haoni kazi kabla haijaisha. Alikwenda kukaa kwa muuza mandazi wa kona. Noella akaliogesha birika, akalining'iniza kwenye ndoano, na hapo umeme ukakatika. Umeme wa mji unatujua, unangoja tushike kitu cha maana. Noella akalifunika kwa kitambaa safi, tukatoka nyuma kula bugali na ndagala. Mama alipita mara moja tu kuchukua miwani aliyoisahau, akatutakia chakula chema, akarudi kwenye mandazi yake. Umeme uliporudi, Noella akalimwagia birika maji. Yakalala. Likaingia kwenye beni.

Jumatano Mama akaitwa. Tulisimama uani, ateliye nzima. Birika lilikuwa juu ya kiti, chini ya kitenge. Noella alikuwa anajifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu tayari. Mama akavaa miwani, akavuta kitenge.

Ndugu zangu, lilikuwa na rangi ya ndizi. Jua la Uvira lililiona likaona haya.

Alilishika, akaligeuza. Mdomo wa birika. Kifuniko. Ubavu.

"Rangi?" Noella akauliza.

"Rangi iko sawasawa," akasema. "Iko sawasawa kuliko ile ya fimbo ya Mzee."

Kisha akaligeuza upande wa mkono, pale ambapo mtu anaegemeza dole gumba akimimina chai. Akasimama hapo. Akalisogeza karibu na miwani, akalipeleka mbali.

"Kuna kidole," akasema.

Noella akageuka kuwa rangi ya zinki. Mimi nikaanza kutazama mikono yangu, maana nimezoea. "Mama, haiwezekani," Noella akasema, "maji yalilala!" Akaja kuangalia. Pale chini ya mkono wa birika, mahali ambapo tone moja lingejificha likining'inia, sasa wazi kabisa, palikuwa na alama ya dole gumba. Lilikuwa limekatwa katikati na mstari uliopinda kama Ruzizi kwenye ramani.

Kisha mtu wa nyuma akaanza kucheka, na aliyeanza ni mimi, nakubali. Mama Apollinarie alilitazama dole gumba lake, akatazama birika, akalitazama tena dole gumba kana kwamba limemsaliti kwa adui.

"Miwani," Noella akasema polepole. "Ulikuja kuchukua miwani."

"Nilikuja kuchukua miwani," Mama akajibu. "Nikaona kitambaa. Nikakifunua kidogo tu." Akagusa mkono wa birika. "Ni birika ya mama. Hapa ndipo alikuwa anaishikia."

Sasa ndugu zangu, hapo ndipo sheria yake mwenyewe ilipomkamata kwenye kola. Mwenye kidole anafuta kazi yote na kuirudia tangu mwanzo. Alijua hivyo kuliko sisi wote. Alivua miwani, akaanza kujifunga aproni, taratibu, kama mtu anayekwenda kulipa. Akasema, "Domitille nitamwambia mwenyewe." Na mimi niliyeona dunia sikuwa na mzaha wowote mfukoni.

Noella akamshika mkono.

"Mama, ngoja. Rangi umesema iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi imepita kwako. Tangu uliposema iko sawa, weye hauko tena shefu wa beni. Shefu ni minye." Akalichukua birika, akalikagua mwenyewe kwenye jua, akaligeuza huku na huku, bila haraka, na jicho lile lile tulilolijua. "Na shefu anasema, hii kidole imejitambulisha. Inabaki hapo. Kifutwe cha mtu mwingine yeyote, lakini hiki hapana."

"Sheria..." Mama akaanza.

"Sheria nitaishika kesho. Na weye, Mama, kesho haumo."

Kelele tulizopiga zilimtoa muuza mandazi dukani. Mama Apollinarie alikaa kwenye benchi la wateja, lile lile, birika mapajani, akaweka dole gumba lake juu ya alama yake. Lilikaa kama funguo kwenye kufuli. Akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kutoka kwake maisha yangu yote: "Kwa kweli, si mbaya."

Basi kwa niaba ya Ateliye Mng'aro, kwa niaba ya makufuli, mabomba, tarumbeta na misalaba ya mji huu, na kwa niaba yangu mwenyewe ambaye vidole vyangu amevikamata kuliko vya mtu mwingine yeyote: asante, Mama. Asante kwa sumu uliyoitoa kati yetu na ziwa. Asante kwa ndevu ulizozinyoa. Asante kwa kutufukuza kila mara tulipoleta kazi ya bugali tukisema ni ya ndizi.

Gari la Rurambo limepangwa kwa Jumamosi asubuhi, na mawingu bado yako mbali. Birika litasafiri mapajani mwako, maana hatumwamini dereva. Mfikishie Mama Domitille salamu zetu, mwambie ahadi imetimia kabla ya mvua. Ukimmiminia chai, dole gumba lako litajua mahali pa kukaa, kama la mama yako lilivyojua. Huko mlimani, maisha yakulalie kama maji juu ya kitu kilichooga, yote, bila tone moja kujikunja.